Kwetu Hatuuzi Nusu

Karakana, 4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Naandika kwenye meza yako, lakini nimekaa upande wa mteja, maana upande wako sithubutu. Huku hatujambo, kwa maana ya kwamba hakuna aliyelala kitandani. Mama mgongo unamsumbua ila hataki kuulizwa. Ukimuuliza anaanza kufua mablanketi ili akukomoe. Fundi Gundi anakusalimu sana. Anasema tangu uende hospitali hakuna mtu wa kumtukana, naye kazi bila matusi haimwendei.

Kidole chako kinaendeleaje? Ulituambia unakwenda mara moja tu, kidonda kikikauka unarudi. Daktari anasemaje kuhusu sukari?

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Siku ile mlangoni uliniachia maneno mawili: nitengeneze tovuti yetu, na kama hadi mwisho wa mwaka haijaleta kazi, nimrudishie mwenye nyumba ufunguo. Mjomba, huo mzigo mabega yangu hayaujui. Mimi ni karani. Najua kupanga mafaili na kuandika barua za heshima. Tangu hospitali ya mtaani ihamishiwe nje ya mji, benchi la wateja limekuwa la paka. Wale waliokuwa wakitoka kwa daktari na cheti mkononi, wakavuka barabara na kuingia kwetu, hawapiti tena.

Nimeifungua hiyo tovuti. Inachukua muda mrefu kufunguka hivi kwamba Gundi alishona soli nzima akisubiri. Kwa kuwa simu yako ni ya tochi na haifungui chochote isipokuwa giza, nimezichapa kurasa zote na kuzitia humu. Hayo maneno "Karibuni Nyote" ya ukurasa wa kwanza, kwenye karatasi yametulia, lakini kwenye kompyuta yanakimbia kama yamefumaniwa. Picha kubwa ni ya viatu vya kike vyenye visigino virefu. Sisi tunashonea miguu isiyolingana. Sijui nani aliviweka hapo. Namba ya simu iliyoandikwa niliipiga, akapokea muuza kuku. Alisema watu humwulizia viatu kila mara na amechoka.

Ningekupigia, lakini nayajua masikio yako yalivyoharibiwa na nyundo. Tafadhali sahihisha kurasa hizi kwa kalamu, unirudishie kwa dereva wa lori la ngozi. Sitagusa kitu kabla ya kupata neno lako.

Mpwa wako,
Karani


Wodi ya wanaume, 21 Machi

Kinyonga wangu,

Marahaba, mwanangu. Utaitwa Kinyonga mpaka siku utakaponyanyua mguu bila kuliomba tawi ruhusa.

Mwambie mama yako aache mablanketi, yamemkosea nini? Mwambie Gundi ni mvivu na babu wa wavivu. Hilo ni la wiki hii, jingine nitatuma.

Kidole kipo. Kinasalimu.

Kurasa zako nimezisoma nikiwa na kalamu nyekundu ya nesi. Jirani yangu wa kitanda, dereva mstaafu, alizitazama akaniuliza, "Visigino hivi vyote, kwani nyinyi mnatengeneza miguu au mnaivunja?" Vitoe. Maneno yanayokimbia yatoe; wateja wetu hawahitaji kukimbizwa. Hapa umeandika "Bonyeza hapa". Wabonyeze nini, jipu? Tafuta neno la adabu. Na yule muuza kuku mpelekee salamu zangu, ametufanyia kazi bila mshahara.

Mambo matatu hayabadiliki, iwe kwenye karakana au kwenye huo mtandao wenu. Mteja akifika anakaa kwanza, kabla ya neno lolote. Pili, hatumwulizi kilichompata. Akitaka kusema atasema, asipotaka tunapima mguu na kunyamaza. Tatu, kwetu hatuuzi nusu. Mwenye mguu mmoja tunamshonea viatu viwili kama mtu mwingine yeyote. Marehemu babu yako aliniambia, mtu asinyimwe jozi kwa sababu ya ajali. Kile cha pili, mwenyewe atajua pa kukiweka.

Namna ya kuyaingiza hayo kwenye mashine ni kazi yako, msomi. Mimi huku nachoka haraka, hata kukaa tu kunachosha.

Msilete matunda. Yananukia wodi nzima na wenzangu hawana.

Mjomba wako


Karakana, 22 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Lori liliharibika, na mimi pia nilikuwa nusu nimeharibika. Mama hajambo. Ametengeneza mto wa kuwekea mguu wako utakaporudi, ingawa sikumwambia kama utauhitaji. Hukuandika kidonda kimefikia wapi. Ulisema kidole kinasalimu. Tumekisalimu.

Tovuti imebadilika. Ghorofa ya juu kuna kijana anayefanya matangazo ya biashara, nikapiga moyo konde nikapanda ngazi kumwomba msaada. Gundi amembatiza jina la Bofya, kwa sababu kila swali ukimuuliza anajibu "bofya pale". Ametupunguzia uzito wa picha, sasa ukurasa unafunguka kabla hujapiga chafya. Ramani inaonyesha mlango wetu wenyewe, na namba ya simu ni yangu. Ikilia naruka.

Alinionyesha pia watu wanachoandika wanapotafuta. Mjomba, hakuna anayeandika "Karakana ya Viatu Maalumu". Wanaandika "mguu mmoja mfupi nifanyeje". Mwingine aliandika "nitatembeaje siku ya harusi yangu bila kuchechemea". Niliyasoma nikaona haya, kama mtu aliyesikiliza mlangoni. Basi nimeandika ukurasa unaojibu maswali hayo kwa maneno yao wenyewe. Juu kabisa nimeweka: "Karibu, kaa kwanza." Nadhani hilo utalipenda.

Mengine tumegombana. Bofya alisema, "Dada karani, weka sura za wateja wakicheka. Watu wananunua tabasamu." Gundi hakuinua hata macho. "Sisi tunauza soli," akasema. "Tabasamu kalitafute kwa daktari wa meno." Kwa hiyo tumepiga picha mikono ya Gundi ikishona, basi. Kwenye fomu ya kuagizia Bofya aliweka swali, "Nini kilikupata?" Nimelifuta. Akaniambia ninaharibu biashara. Hata hivyo nimelifuta.

Limebaki moja, na hili siwezi kuliamua. Wanaoandika "kiatu kimoja wapi nitapata" ni wengi kuliko wengine wote. Bofya anasema tukiuza kimoja kimoja, kwa nusu bei, tutafurika. Nilimweleza neno lako. Akashangaa: "Sasa mtu wa mguu mmoja, cha pili akivae wapi?" Nilisema tu kwetu hatuuzi nusu.

Watu wanafungua tovuti sasa, lakini wanasoma na kuondoka. Benchi bado ni la paka. Nakuomba uniambie la kufanya. Nangoja.

Mpwa wako,
Karani


Karakana, 3 Juni

Mjomba,

Shikamoo tena. Sijapata jibu lako. Dereva wa lori anasema barua aliiacha kwa mlinzi wa hospitali, mlinzi akaipeleka wodini, wodini wakasema umehamishiwa nyingine. Hakujua ipi wala kwa nini. Nilimuuliza mara mbili mpaka akakasirika. Kwa hiyo Mama atasafiri kuja kukuona, keshakata tiketi na hataki mtu amsindikize.

Nimekuwa nikifungua mlango asubuhi, nafagia, nakaa. Gundi amepiga rangi mashine zote, na alipomaliza akazipiga tena. Jumatatu iliyopita alianza kukusanya vifaa vyake kwenye mfuko. Nikamuuliza anakwenda wapi. "Siendi popote," akasema, "natazama tu kama vinaingia." Vikaingia.

Mjomba, nimenyanyua mguu bila kuuliza tawi. Nimeandika kwenye tovuti kwamba anayehitaji kiatu kimoja atauziwa kimoja. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Bofya akasema, "Sasa toa mkono kwenye hiyo mashine, usije ukafuta tena." Kisha nilikwenda uani nikakaa juu ya ndoo.

Maagizo yameanza kuingia. Si mafuriko, lakini kila siku Gundi ana kazi mezani. Mteja wa kwanza ni mwalimu wa hesabu wa mji wa mbali. Alijaza fomu vizuri kuliko ninavyojaza mimi.

Najua utakasirika. Najua pia mwisho wa mwaka unakuja. Nimechoka kuogopa vitu viwili kwa pamoja, nikachagua kuogopa kimoja.

Tafadhali andika, hata kama ni matusi ya Gundi tu.

Mpwa wako


Hospitali, 19 Juni

Karani,

Marahaba. Barua zako mbili nimezipata kwa pamoja. Mwandiko huu uvumilie, naandika nikiwa nimelala.

Ondoa hilo neno la kiatu kimoja. Liondoe leo. Sikukuachia karakana uigeuze gulio la vipande. Mtu akija kwetu amekwisha kupunguzwa vya kutosha. Sisi hatumpunguzi tena. Kwetu hatuuzi nusu. Kama karakana haiwezi kusimama bila hilo, ifungwe, ufunguo umpe mwenyewe.

Mama yako amefika. Analia sana. Ameleta mto, umenifaa.

Umeuliza kidole. Hakinisumbui tena.

Mjomba wako


Karakana, 8 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama amerudi salama. Aliingia, akavua viatu, akakaa navyo mkononi kama mtu aliyesahau vinawekwa wapi. Nilimpa maji. Akasema, "Mjomba wako anakula vizuri." Halafu akaenda kufua mablanketi.

Kwenye mfuko aliokuja nao kulikuwa na nguo zako za kufua na kiatu chako cha kahawia, cha kushoto. Cha kushoto peke yake. Mama amekipaka rangi, akakiweka mlangoni pale ulipozoea kuviacha. Sikumuuliza. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba hatuulizi.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Nilikwenda kwenye kompyuta kuliondoa hilo neno kama ulivyoamuru. Nilishafungua ukurasa. Kabla sijafuta, niliona ujumbe kutoka kwa yule mwalimu wa hesabu. Kiatu kilikuwa kimemfikia. Nauandika hapa kama ulivyo, sijaongeza neno:

"Ndugu zangu, nawashukuru. Tangu nipate ajali nimekuwa nikinunua jozi, maana kila duka linaona aibu kuniuzia kimoja. Asubuhi nikivaa changu, kile kingine kinanitazama. Ni kipya na hakijawahi kukanyaga chini. Kukitupa siwezi, kumpa mtu hakimfai. Vimejaa chini ya kitanda, mke wangu anafagia kuvizunguka. Nyinyi ndio wa kwanza kuniuzia ninachohitaji bila kunikumbusha nisichonacho."

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Babu alikuwa na nia njema, nawe pia. Lakini labda sisi wenye miguu

Samahani, hapo nimekata. Sentensi ilikuwa inakwenda pabaya.

Nilichotaka kusema ni kwamba sijaliondoa. Ni mara yangu ya kwanza kutokukutii, na tangu siku hiyo chakula hakipandi. Asubuhi nikitoka kwenda kazini napita karibu na kile kiatu cha mlangoni, na mimi pia kinanitazama. Mama anakifuta vumbi kila siku. Hakuna vumbi.

Ukiandika mara moja tu, "ondoa", nitaondoa, na mwisho wa mwaka nitampelekea mwenye nyumba ufunguo kwa mkono wangu. Lakini liandike baada ya kuusoma ujumbe wa mwalimu mpaka mwisho.

Gundi anauliza tusi lake la mwezi huu liko wapi.

Mpwa wako


Hospitali, 26 Agosti

Kinyonga,

Marahaba. Nimeisoma barua yako, na ujumbe wa mwalimu nimeusoma mpaka mwisho, kisha nikamsomea yule dereva mstaafu, maana wamenirudisha wodi ile ya kwanza. Akaomba nimsomee tena.

Kuna nesi hapa ana simu kubwa kama sinia. Amenifungulia tovuti yako. Kweli inafunguka haraka. Mikono ya Gundi ina kucha chafu, lakini iache, mteja ajue tunafanya kazi. "Karibu, kaa kwanza" nimeiona. Nilirudi kuisoma mara kadhaa nikamchosha nesi wa watu.

Sijasema uliache lile neno, na sijasema uliondoe. Nimechoka, mwanangu. Asubuhi wananifundisha mambo niliyoyajua tangu nikiwa na mwaka mmoja, na jioni nimekwisha kama nimebeba magunia. Nikipata nguvu nitakujibu, kwa njia hii au nyingine.

Mwambie Gundi ana akili za nyundo, na nyundo yenyewe imelegea mpini.

Mjomba wako


Karakana, 23 Septemba

Mteja wetu mheshimiwa,

Shikamoo. Tovuti yetu huwajibu wateja yenyewe, kwa maneno mafupi: "Agizo lako limefika, asante." Wewe nimeona nikujibu kwa mkono.

Agizo lako liliingia Ijumaa, tukiwa tunakunywa chai. Nalinakili hapa uhakikishe hakuna kosa, maana inaonekana aliyelijaza alikuwa akitumia simu ya mtu mwingine:

Jina: (hukujaza)
Mguu: wa kulia
Idadi: kimoja
Pa kupeleka: hospitali, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani
Maelezo mengine: Ngozi ya kahawia. Kisigino kisigonge, nesi hapendi kelele. Msinipendelee, waliotangulia wamalizwe kwanza. Na hilo "bonyeza" bado mmelificha chini kabisa, nimeliona.

Nilimsomea Gundi kwa sauti. Nilipofika kwenye idadi akainuka akasoma mwenyewe, kidole chake kikifuata kwenye kioo. Akasoma tena. Kisha akasema, "Huyu mteja ni mkorofi, namjua kwa harufu," akanipa mgongo na kwenda kuchagua ngozi. Amekawia sana kwenye rafu ile. Alipogeuka alikuwa ameshika kipande kile kizuri ulichokuwa ukikificha nyuma ya makopo ya gundi. Kumbe siku zote alijua kilipo.

Vipimo usihangaike kutuma. Ule mguu wa mbao wa kupimia, wa kulia, uliouchonga mwenyewe kwa kipimo chako, bado upo kwenye msumari wake. Utangoja zamu yako kama ulivyotaka. Mbele yako kuna mwalimu wa hesabu, ambaye ameagiza tena, na bibi harusi mmoja mwenye haraka.

Kile cha kushoto hakipo tena mlangoni. Mama alikiondoa jioni ya Ijumaa, nilipomweleza. Hakuniambia amekiweka wapi, ila alilala mapema, na mablanketi hayajafuliwa tangu hapo.

Mwenye nyumba alipita juzi kuuliza mwisho wa mwaka tunaamuaje. Nilimwambia hatuamui kitu, tuna maagizo. Ufunguo ninao mimi, na ninaona sasa nimezoea uzito wake.

Siku hizi nakaa upande wako wa meza, ili ule wa mteja uwe wazi. Benchi tumelisogeza karibu na mlango, na paka amefukuzwa. Ukifika hatutakuuliza kitu. Utakaa kwanza.

Ndimi,
Kinyonga, karani wako